Nishani ya Tatu ya Baba

Tarrow Flat,
Australia Kusini.
Aprili 28

Mpendwa Dada Roslyn,

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote, popote walipo, kwamba mdogo wako Murray Penhale amevuliwa rasmi wadhifa wa Msimamizi wa Soseji katika Klabu ya Maveterani ya Tarrow Flat. Aproni imerudishwa. Koleo limekabidhiwa kwa Colin wa gereji, mtu asiyejua tofauti kati ya soseji iliyoiva na kipande cha mpira wa gari. Heshima yangu ilizikwa Jumapili iliyotangulia Siku ya Anzac, ile ya kuwakumbuka askari wetu, mbele ya kamati nzima, wala hapakuwa na maua.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo dada yangu? Mgongo unaendeleaje, na joto la huko Darwin? Wagonjwa wako nao wanakusikiliza, au wanakutii kama nilivyokuwa nikikutii mimi? Huku sote wazima. Mama hajambo, kuku wake hawajambo. Baba naye yupo, na lile goti lake linatangaza mvua kila siku, ingawa mvua yenyewe haijapata habari na mbegu ya ngano bado iko ghalani. Mimi nimenenepa kidogo. Daktari anasema si kidogo.

Najua Shangazi Ivy amekwisha kukupigia simu. Amekuambia kwamba Baba alikamatwa kwa kuvaa nishani za kughushi, na kwamba Mama alimtolea mtu kisu hadharani. Dada, hakuna aliyekamatwa. Na kisu kilikuwa cha kupakia siagi, tena Mama alikiweka mezani taratibu kabisa. Naomba uketi, ujimiminie chai, nikueleze kuanzia mwanzo.

Unakumbuka kwamba miaka yote mzee Trevorrow ndiye aliyekuwa akitangulia mbele ya gwaride la Anzac. Basi alifariki wakati wa kiangazi, na kamati ikamchagua Baba ashike nafasi yake. Baba alipoambiwa alijibu kwamba atafikiria. Mchana huo huo nilimkuta barazani anang'arisha viatu, na aliponiona akavificha chini ya kiti kama mtoto aliyeiba biskuti. Sijawahi kumwona mzee yule akitaka kitu namna ile. Wewe unajua alivyozomewa aliporudi kutoka Vietnam, na miaka mingapi zile nishani zake zilikaa kwenye droo chini ya soksi. Kutangulia mbele ya mji mzima, kwake yeye, halikuwa jambo dogo.

Sasa nikujulishe kwa Sajini mstaafu Garth Nankivell, aliyehamia hapa mwaka jana. Maisha yake yote ya jeshi aliyapitisha kwenye ghala la sare. Anajua nishani ipi inakaa wapi, urefu gani kutoka begani, na ipi inatangulia ipi. Akikutana na mtu humtazama kifua kwanza, uso baadaye. Kina mama wa kanisani walimnung'unikia sana hadi walipogundua kwamba anakagua bruchi, yale mapambo yao ya kifuani.

Ijumaa moja, siku ya bahati nasibu ya nyama, nilimwona amesimama klabuni mbele ya picha ya gwaride la mwaka jana, pua inakaribia kugusa kioo. Kisha akaja mezani kwetu, akamwambia Baba kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Lindsay, ndugu yangu, mbili za mwanzo nazifahamu. Za Vietnam, safi kabisa. Hii ya tatu uliipata vita gani?"

Baba akanywa bia yake. "Vita ya nyumbani," akasema.

"Vita ya nyumbani haina nishani."

"Ndiyo maana nakwambia uoe, Garth."

Klabu nzima ikacheka, isipokuwa Nankivell. Alisema utepe wa kijani na zambarau haupo katika jeshi lolote duniani, na kwamba kuvaa kifua cha kushoto nishani usiyoipata mwenyewe ni uongo uliopigwa pasi. Upande wa kushoto ni wako wewe uliyekwenda. Upande wa kulia ni wa jamaa zako waliokwenda wakafa. Hata mtoto wa chekechea katika mji huu analijua hilo. Baba akanyanyuka, akachukua kofia, na tukaondoka bila kusubiri nyama. Tulikuwa tumeshinda, dada. Mapaja ya mwanakondoo. Yakaenda kwa Colin.

Malalamiko yalifika kwenye kamati. Mwenyekiti, Bi Thelma Ottaway, yule aliyekuwa nesi wa jeshi, alikuja nyumbani mwenyewe, akamwomba Baba kwa upole aeleze ile nishani kabla ya Jumapili ya kusafisha mnara wa kumbukumbu ya vita. Asipoeleza, hatatangulia gwaride, wala hatavaa nishani hata moja. Baba akamjibu kwamba anayetaka kujua akaliulize koti. Bi Thelma akamgeukia Mama. Mama akasema anasikia kuku wanalia, akatoka. Kuku walikuwa wamelala kimya kabisa, niliwaona mimi mwenyewe.

Nilijaribu kumuuliza Baba kwa njia yangu, nikampandia kwenye trekta. Akaongeza moto, nikawa naona midomo yake tu. Nikamjaribu Mama. Akaanza kukatakata boga kwa nguvu kiasi kwamba niliona ni busara nirudi nyuma hatua chache. Na mjini maneno yalikuwa yamekwisha kuenea. Niliingia duka la mikate kununua pasti ya nyama, duka zima likanyamaza. Yule mama muuzaji akanipa ya bure, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi. Niliikubali. Ilikuwa na nyama nyingi.

Basi Jumapili ikafika. Watu walikuja na brashi na ndoo kusafisha mnara, mimi nikawasha bamba langu la kuchomea kwenye mlango wa jiko la klabu, vitunguu vikaanza kunukia. Mama alikuwa ndani anapaka mikate siagi. Baba alikuja amevaa koti lake na nishani zote tatu, amenyooka kama mlingoti, halafu akalivua, akalitundika kwenye msumari nyuma yangu, akaenda kusugua mnara na wenzake. Hakumweleza mtu lolote.

Unakumbuka tulivyokatazwa kuligusa lile koti tangu utotoni. Lilikuwa kama mchungaji: unaliheshimu, hulishikishiki. Lakini siku hiyo lilikuwa pale, na Baba yuko nje, na jioni kamati ingeamua. Nikanyoosha mkono niigeuze ile ya tatu nione nyuma imeandikwa nini. Uzi wa Mama ulikuwa umechoka. Utepe ukabaki kwenye koti, nishani ikabaki mkononi mwangu. Kabla sijaitazama, nikasikia, "Penhale, hizo soseji zinasubiri nani?" Ni Nankivell, na mkate wake mkononi. Nikashtuka, na nishani ikatumbukia kwenye vitunguu.

Yaliyofuata mji mzima unayajua. Nilimwekea soseji, nikamwekea vitunguu, akamimina sosi ya nyanya, akauma. Sauti iliyotoka, dada, ilikuwa kama mtu amepiga nyundo kwenye bakuli la kauri. Nankivell akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kwanza kipande cha jino, kisha nishani. Akaifuta kwa leso. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme. Akaigeuza, akavaa miwani, na mtu yule, ambaye hajawahi kuiona nishani akakaa bila kuisoma, akasoma kwa sauti ya gwaride huku damu inamtoka kwenye ufizi: "Maonyesho ya Kilimo, Tarrow Flat, 1938. Merino Dume. Mshindi wa Kwanza."

Kisha Colin akauliza, "Kondoo?" Na watu wakaangua kicheko hadi ndoo zikamwagika.

Nankivell hakucheka. Akamwambia Bi Thelma, "Huyu ndiye wa kututangulia? Mtu aliyevaa kondoo upande wa kushoto?" Baba alikuwa amekuja na brashi yake inachuruzika maji. Alinitazama mimi, akatazama koti, akatazama mkate. Nikaona masikio yake yamekuwa mekundu, na kicheko kikaanza kufa chenyewe.

Hapo ndipo Mama alipoweka kisu. Akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye aproni, akasema ile nishani ni ya baba yake, na aliyeishona pale ni yeye, wala Lindsay asiulizwe chochote.

Dada, sijui kama wewe uliwahi kuambiwa. Mimi sikuwa nimeambiwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Babu Ahern alikwenda kujiandikisha pamoja na kaka zake wawili. Kaka zake wakachukuliwa. Yeye akarudishwa shambani, akaambiwa askari wanataka nyama na sufu, abaki afuge. Akabaki akafuga. Kaka zake hawakurudi, na mji haukumsamehe kwa kuwa hai. Kila Siku ya Anzac alikwenda akasimama nyuma kabisa, ukutani mwa benki, kofia mkononi, na Mama akiwa mdogo ameshika kidole chake. Gwaride likipita, watu walipiga makofi. Baba yake hakupiga makofi wala hakuvuka barabara kusogea karibu. Mama alimwuliza kwa nini wasimame mbali hivyo, akamjibu kwamba pale ndipo mahali pao.

Alikufa mwaka ule ule maveterani wa Vietnam walipoitwa hatimaye wapite mjini washangiliwe. Baba hakutaka kwenda. Mama ndiye aliyetoa nishani kwenye droo, akazing'arisha, na alipozishona kwenye koti akaongeza ya babake, kwa utepe wa boksi la chokoleti za Krismasi. "Nilitaka apite katikati ya barabara japo mara moja," alisema. "Halafu nikaona mara moja haitoshi."

Bi Thelma akamwuliza Baba kama alikuwa akijua. Baba akasema, "Tangu asubuhi ile ya kwanza. Kondoo ana uzito wake." Akaulizwa kwa nini hakusema. "Hakuniambia, sikumwuliza," akasema. "Ndoa hii imefika hapa kwa namna hiyo."

Nankivell alikuwa bado ameishika ile nishani. Sikiliza, si mtu mbaya. Baadaye alinieleza, shavu limevimba, kwamba aliwahi kuhudhuria mazishi ya rafiki yake aliyeuawa vitani, na mtu mmoja akasimama na safu ya nishani akahutubia na kuwaliza watu, kumbe hajawahi hata kuvaa buti la jeshi. Tangu siku hiyo hawezi kuona kifua akakiacha. Lakini pale mlangoni alichosema ni kwamba kanuni ni kanuni, kushoto haikai, akaubandua na utepe wake kwenye koti, akaondoka navyo mfukoni. Bi Thelma akatamka kwamba Baba ameeleza, kwa hiyo atatangulia, ila kwa mbili tu. Mama akarudi kwenye mikate yake. Alipaka mkate mmoja siagi pande zote mbili.

Siku ya Anzac, kabla ya alfajiri, tumesimama gizani tunapiga miayo, Nankivell akaja. Ana rula. Akamwambia Baba asimame wima. Akapima kutoka begani, akapima kutoka kwenye ukosi, akatoa mfukoni ile nishani ya kondoo, imeng'arishwa hadi unajiona, utepe ule ule wa chokoleti umefuliwa na kupigwa pasi. Akaibandika kifua cha kulia.

"Kulia ni kwa jamaa," alisema. "Nimepekua kanuni zangu zote siku nzima. Pameandikwa upande. Hapakuandikwa kwamba jamaa mwenyewe awe amekwenda wapi." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akakagua, na akampigia saluti. Kwa Baba au kwa kondoo, sijui.

Baba alitangulia, dada. Goti lilikuwa linamuuma na alitembea kama halimuumi. Mama alisimama ukutani mwa benki, mahali pale pale, na Baba alipopita, Mama akavuka barabara.

Sasa limebaki moja, na wewe ndiye wa pekee nitakayemwandikia. Kamati niliiambia kwamba nishani ilimfikia Nankivell kwa bahati mbaya, na kwa kosa hilo la uzembe ndipo nikavuliwa koleo. Si kweli. Kutumbukia ilitumbukia. Lakini niliiona pale kwenye vitunguu, inang'aa, na Nankivell amenyoosha mkate anasema niongeze. Nami nikaongeza. Niliichota kwa makusudi, nikaifunika vizuri. Siku zote zile, Roslyn, nilikuwa naamini kwamba Baba ni mwongo. Niliamini aliinunua sokoni. Na kwa dakika moja ya upumbavu nilitumaini kwamba Nankivell, kwa anavyokula, angeimeza yote, na ushahidi ungepotea pale pale.

Nilimwambia Baba jioni ile baada ya gwaride, tumekaa barazani, viatu amevivua. Aliviweka viatu sawasawa chini ya kiti. Kisha akasema, "Kwa hiyo uliniona mwongo." Nikasema ndiyo. "Na bado ukataka kumlisha ushahidi." Nikasema ndiyo. Akanisogezea biskuti iliyobaki, ile moja ya mwisho, na unajua alivyo na biskuti.

Nisalimie shemeji, wabusu wapwa zangu kwa niaba yangu, na usimwambie Shangazi Ivy. Mama anauliza utakuja lini, na anasema ukija ulete uzi imara.

Mdogo wako mtiifu,

Murray
Aliyekuwa Msimamizi wa Soseji