Neema Katolewa kwenye Filamu

Jumatano, Malindi

Mjukuu wangu Neema wamemtoa. Nafasi ile nilimtafutia mimi kwa wale vijana wa chuo wanaopiga filamu hapa mtaani. Hawalipi, lakini nilitaka ajifunze kuigiza mapema, maana kipaji kakitoa kwangu. Kanisani nani anayenifikia kwa sauti? Hakuna.

Aliambiwa awe mtoto jeuri, ampite mzee njiani bila kumsalimu. Kila wakirudia, akimfikia tu anainamisha kichwa: "Shikamoo, babu." Mzee naye, "Marahaba, mama." Watu wanacheka.

Kijana wa kamera akaniambia, "Mzee, huyu hatufai. Amelelewa vizuri mno."

Eti vizuri mno! Nimemlea mimi, ulitakaje?

Lakini mtoto kalia njia nzima. Jioni nikakaa mlangoni, nikamwambia, "Nipite kama hunioni. Kesho nakurudisha kwao, watake wasitake."

Akakataa. Nikamfokea. Mwisho akanipita, kidevu juu, hata jicho hakunitupia. Kaweza kabisa.

Nikamwita, "Basi mama, yatosha." Hakugeuka, alidhani bado tunaigiza.

Sikujua kama inauma hivi.