Kinu cha Labo Kimeingia Jikoni

Kabambare, Machi 1956

Mama Anastasie mpendwa, ninakuandikia kwa woga, nisaidie, sina mwingine wa kumwambia. Mimi ninasaga mawe katika labo ya kampuni ya migodi karibu na Lusangi, yale ya manjano ambayo bwana wa labo hayashiki bila glavu, na mwaka jana kinu kimoja cha chuma kilipasuka mdomo, akakichora msalaba mwekundu akasema kisiguswe, nami nikaona ni hasara, nikaukwangua ule msalaba kwa panga nikampelekea kinu mke wangu Emilienne, akafurahi mno, tangu hapo anatwanga humo sombe, majani ya muhogo, na majirani wanakiazima, maana kwetu hakuna anayemnyima mwenzake kinu.

Juzi nilitumwa Wamaza nikiwa na ile mashine inayolia ikikuta mawe hayo, nikapitia nyumbani kula, mara ikaanza ta-ta-ta yenyewe ndani ya kikapu, na kinu hakikuwepo, kilikuwa kwa jirani Marie-Louise. Nikaisogeza ukutani, ikapunguza mlio. Nikaisogeza kwenye mikono ya Emilienne, ikalia bila kupumua. Ana mimba ya miezi mitano.

Akaniuliza, "Baba Odile, hii kintu iko nalia juu ya nini?" Nikamwambia inatafuta madini ya bati. Akacheka, akaleta tena mikono ili aisikie. Nikazunguka kwa majirani nikijifanya nasalimia, ikalia katika majiko manne. Nikisema nitafukuzwa, labda gereza. Nimefikiria kukitupa kile kinu katika mto Luama kimyakimya. Nifanye nini?

Zéphirin

Baba Odile, pole sana, lakini ungekuwa karibu ningekuvuta masikio. Uliuona msalaba ukaukwangua, kisha ukamdanganya mwenye mimba yako! Mtoni usithubutu, watu wanakunywa maji yale. Mwambie Emilienne ukweli kabla hajapika tena. Anawe kwa sabuni mpaka ndani ya kucha, asifagie jiko kavukavu, apanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha umpeleke kwa daktari kule Kasongo. Nenda katika yale majiko manne useme kwa mdomo wako. Kinu kisiguswe, bwana wa labo aje akichukue na glavu zake, na koti lako la kazi lisirudi nyumbani kamwe. Kazi utapata nyingine.

Jibu hili nimekutumia jana kwa mjumbe, na ninalichapa hapa gazetini ili majirani nao walisome. Nilipofungua barua yako, vumbi la manjano lilimwagika mezani kwangu. Nimelipangusa kwa maji, barua nimeifungia koponi, na mikono nimeinawa mara tatu. Usiniandikie tena. Nenda ukaseme.