Koo la Athumani Mnyambi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Editha Sostenes Mghanga. Umri: miaka 43. Kazi: muuguzi wa dawa za usingizi. Makazi: Utemini, Singida.

Nimeitwa kwa sababu Mzee Swalehe Mnyambi wa Mtinko amelalamika kwamba daktari na mimi tumemchinja mdogo wake, Athumani. Hatukumchinja, na nitaeleza.

Athumani alianguka mtini akirina asali, akaumia kichwa. Siku kumi na mbili alipumua kwa mashine, mpira ukipita mdomoni. Ukikaa sana hivyo unaumiza, kwa hiyo daktari aliamua kutoboa koo apitishe mpira mfupi. Mzee alielezwa, akaweka dole gumba kwenye fomu.

Mnamo tarehe 14/05/2024 saa 3:40 asubuhi tulianza. Kazi yangu ilikuwa pumzi. Nilimpa oksijeni tupu, nikauvuta mpira wa mdomoni juu kidogo ili kisu kisiuguse. Sikuutoa. Wa zamani hautoki mpaka mpya uonekane unapitisha pumzi, hilo nimewafundisha wengi. Daktari alitoboa koo, lakini mpira mpya uligoma kuingia. Oksijeni ya damu ilishuka kutoka asilimia 98 hadi 79. Nikasema, "Daktari, toa mkono." Nikausukuma tena chini ule wa mdomoni, nikampulizia hewa kwa mfuko wa kubana hadi 96. Niliogopa, sikatai. Mara ya pili mpira mpya uliingia, kifua kikapanda pande zote mbili.

Mzee alikuwa dirishani. Yeye ni mchinjaji mnadani Mtinko miaka thelathini sasa, na kwa anavyojua, koo likishakatwa hakuna kurudi. Kwa hilo simlaumu.

Tarehe 19 Athumani alifumbua macho. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mzee akasema, "Huyu hajawahi kuniona asiniamkie. Mmemkata sauti." Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Sauti ipo. Pumzi inatokea shingoni, haijafika kwenye sauti." Hakuniitikia, akaja hapa kituoni. Hilo la kutoitikiwa liliniuma kuliko kuitwa muuaji.

Alhamisi saa 4 asubuhi tutatoa upepo kwenye puto linalouzunguka mpira kooni ili pumzi ipate njia ya kupanda, kisha nilizibe tundu kwa kidole. Afande, njoo naye.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, wala sipunguzi neno.

Sahihi: E. S. Mghanga
20/05/2024, saa 8:15 mchana

Nyongeza ya mpelelezi, Koplo Marko: Tarehe 23/05/2024 saa 4:10 asubuhi nilikuwa wodini na mlalamikaji. Muuguzi aliziba tundu kwa kidole. Mgonjwa alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Shikamoo, kaka." Mlalamikaji aliitikia mara tatu. Kisha alimgeukia muuguzi, akasema, "Na ile yako ya siku ile, marahaba."