Randa ya Papa

Jumanne, usiku

Papa tulimupoteza mwezi wa tatu, na randa yake tuliipoteza siku ya kumaliza matanga. Tonton, mudogo wake, aliibeba eti ukumbusho, yeye ambaye hajawahi kulainisha hata ubao moja.

Papa alikuwa anatoka ateliye amechoka, na bado kila Jumamosi alitusafishia viatu vya misa, sisi wote saba. Maman akimuambia apumzike, alijibu, "Nitapumzika viatu vikikauka."

Leo maman moja wa Muhumba ameniagiza vitanda viwili. Mbao nimekwisha kununua. Nikapigia tonton simu, akacheka: "Mwanamuke na randa?"

"Papa ndiye alinifundisha, tonton. Unairudisha, ndiyo ao hapana? Nataka jibu kesho, mbele ya saa sita."