Masikio ya Gereji Yetu

Mume wangu Baba Eli,

Tangu tukuzike kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, sijaogopa kama leo, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unakumbuka zile sindano za kwinini? Malaria iliisha, masikio yako yakafa. Na gereji yetu hapa Moshi ilikuwa na jina kwa vile vigari vya michezo vya Kiingereza walivyoacha walowezi, vyenye kabureta mbili za kuchanganya hewa na mafuta. Kuziseti ni kazi ya sikio: unasikiliza pumzi ya moja, kisha ya mwenzake, unazungusha skrubu mpaka zivume sawasawa. Nawe husikii hata jogoo!

“Mama Eli, usiniaibishe,” uliniomba.

Basi ukawa unainama na kipande chako cha mpira wa kusikilizia sikioni, mwanaume mzima unaigiza, nami nimekaa kando namenya ndizi. Nikisikia zimelingana, najifunga kanga upya. Ukiona hivyo unaweka bisibisi chini. Tulikuwa tunacheka sana chumbani, jamani.

Ila siku ile daktari wa Masama alipoleta gari lake hatukucheka. Wiki hiyo nami nilikuwa nimechomwa kwinini, kichwa kizima kinavuma. Daktari kasimama, mkewe kapakata mtoto, wewe umenikodolea macho. Sikusikia kitu, Baba Eli. Nikajifunga kanga.

Gari lilizima nao wamo ndani kwenye mlima wa Masama, likarudi nyuma, likazuiwa na migomba. Chini ya ile migomba ni korongo. Daktari alikuja mwenyewe kutuambia. “Mafuta ya siku hizi yana maji,” alisema. Ukamsoma midomo, ukaitikia, “Ndiyo, daktari, ni mafuta.” Nami nikainamia ndizi zangu. Mpaka unakufa sikukwambia, na bado naliona lile korongo nikifumba macho.

Sasa wateja wanasema nimerithi sikio lako. Nimerithi kweli! Tangu masika masikio yangu yanalia kama nzi, na hayajanyamaza. Na daktari ametuma salamu: kesho analeta gari niliseti, kisha anapanda nalo Masama na wanawe wote watatu.

Nikisema kweli, jina lako linakwisha mjini. Nikinyamaza, naogopa hata kumalizia.

Nisamehe, mume wangu. Barua hii siifukii kaburini kwako. Naibandika kwenye mlango wa gereji, daktari aisome kabla hajazima gari.

Mkeo asiyesikia,
Mama Eli