Vyoo vya Milango ya Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Sakafu ya choo cha wasichana imevunjika leo, saa nne, wakati wa mapumziko. Mtoto wa darasa la tano kazama mguu mmoja mpaka pajani. Nilikuwa dukani natoa fotokopi. Shule iko ng'ambo ya barabara tu, nikasikia mayowe, nikaacha mashine inaunguruma, nikakimbia. Walimu wawili walikuwa wameshamvuta. Mfupa wa chini ya goti umevunjika.

Harufu ile! Nimeoga mara mbili, bado iko puani.

Mama wa mtoto ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Alikuja na kitambaa cha nguo ya mteja mkononi, akamfuta mwanawe kwa kitambaa hicho hicho. Hakulia. Anafuta tu.

Vyoo vile nilivitumia mimi nikiwa mdogo. Binti yangu naye kavitumia. Matundu manne, wasichana zaidi ya mia tatu.

Jioni kikao cha wazazi. Wakasema mimi ndiye ninayewajazia watu fomu kila siku, za vitambulisho, za viwanja, za mikopo, basi niwatafutie ruzuku. Halmashauri ina mfuko wa miradi ya jamii. Tangazo lake nimelichapa mwenyewe sijui mara ngapi. Nimekubali.

Nilidhani Kaka atafurahi. Yeye ndiye mwalimu mkuu, shule ni yake, aibu ni yake. Akakaa pembeni anapangusa miwani. Mwisho akasema tusiwe na papara, wataalamu waje kwanza wapime.

Wapime nini? Shimo?

Alhamisi, 6 Machi

Halmashauri. Ofisi ya ruzuku na ufadhili wa masomo ni chumba kimoja, meza mbili, afisa mmoja. Meza ya pili ni ya birika.

Afisa nimempa jina — Bwana Keshokutwa. Leo kaniambia fomu za ruzuku zimeisha, nirudi keshokutwa. Nikamwambia fomu hizo nachapa mimi, ninazo kumi kwenye mkoba. Akasema basi lazima ziambatane na muhtasari wa kikao. Ninao. Wenye mhuri wa shule? Hapo akanipata.

Anaongea huku anakula karanga. Maganda anayadondoshea juu ya fomu za watu. Moja ilikuwa ya ufadhili, picha ya msichana imebanwa pembeni kwa klipu, ganda limekaa usoni pake. Hakulipangusa. Akasukuma fomu yote kando kwa kiwiko.

Katika rundo hilo iko fomu ya binti yangu. Tangu Januari. Kafaulu vizuri, anataka kusomea maabara ya hospitali. Bila mhuri wa huyu bwana, fomu haiendi wizarani, na bila ufadhili wa serikali mimi na duka langu hatumfikishi popote.

Kwa hiyo alipofanya mzaha — kwamba wanawake wa shule ile wana miguu mizito kuliko sakafu — nilicheka.

Nilicheka! Njia nzima nimejichukia.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandike vipi.

Nilikwenda na kila kitu. Muhtasari wenye mhuri (Kaka kagonga bila kuniangalia), saini za wazazi, barua ya daktari, picha za shimo nilizopiga mwenyewe. Bwana Keshokutwa akatafuta jina la shule kwenye kompyuta, akacheka. "Mama, nyinyi mlishapata. Mwaka jana. Mradi umekamilika."

Akavuta faili kabatini, akalifungua, halafu akasita kama mtu aliyekumbuka jambo. Akalifunga. Simu yake ikalia, akatoka nayo koridoni. Faili kaliacha mezani.

Nikalifungua.

Vyoo vinne. Kuta nyeupe, milango ya buluu, tangi la maji juu. Kibao ukutani: jina la shule yetu, VYOO VYA WASICHANA. Kila ukurasa una mstari mweupe mwembamba unaokatiza kutoka juu hadi chini. Mstari huo naujua. Printa yangu ina mkwaruzo kwenye rola, wateja wananilalamikia kila siku.

Nimechapa mimi. Ripoti nzima, nimechapa mimi.

Nikakumbuka. Mwaka jana kabla shule hazijafungwa, Kaka alikuja na picha ya jengo. Akaniambia anataka kuwaonyesha wafadhili vyoo vitakavyokuwa, kwa hiyo niweke kibao cha shule ukutani. Nikaweka. Nikatengeneza hata kivuli cha kibao ili kionekane cha kweli. Nikajisifu mbele yake. Na zile kurasa nyingine alizoleta baadaye nilizichapa kama ninavyochapa za wengine, jicho kwenye wino, si kwenye maneno.

Ukurasa wa mwisho — saini ya Kaka. Ile ile ya kwenye ripoti zangu za shule, tangu akiwa mwalimu wangu wa darasa.

Nikapiga picha kwa simu. Afisa aliporudi alinikuta nimekaa, mikono mapajani, kama mwanafunzi. Akasema huenda kuna mkanganyiko, atafuatilia. Nirudi keshokutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbili sikumpigia Kaka. Leo nimekwenda nyumbani kwake.

Mama yetu alikuwa uani, anaanua nguo. Hana fimbo. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga anatembea kuliko mimi. Akanisuta kwamba nimekonda, akaenda jikoni. Kaka akanipeleka chumba cha nyuma, kule anakosahihishia madaftari. Nikamwonyesha simu.

Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Nani kakuonyesha?"

Mpaka hapo nilikuwa na tumaini la kijinga.

Akaeleza kwa sauti ya darasani, taratibu. Afisa na mkandarasi walimletea karatasi zimeshaandaliwa, wakamwambia achapishe na asaini, la sivyo shule haitaona ruzuku yoyote milele. Alikataa wiki mbili. Halafu mama akaanguka bafuni. Hospitali ikataka malipo kwanza ndipo wamwingize chumba cha upasuaji.

"Ulidhani pesa ile nilipata wapi?" akaniambia. "Ulikuja na matunda wodini, ukanishukuru, ukalia. Hukuuliza."

Kweli. Sikuuliza. Mshahara wa mwalimu naujua mpaka senti, fomu zake za mkopo najaza mimi. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Mama akatuita mezani. Nikamtazama anavyoketi, wepesi, bila kushika meza. Chakula kimenikaa kinywani kama pamba. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema meno.

Jumamosi, 15 Machi

Mchuma janga hula na wa kwao. Tumekula. Na mimi nimo.

Fundi cherehani kaja kutoa nakala ya karatasi za hospitali. Mtoto atakaa na plasta wiki sita. Nikakataa pesa yake. Akanishika mikono yote miwili: "Asante kwa kutuhangaikia, dada yangu. Wewe umesoma, sisi wengine tungeanzia wapi."

Alipotoka nikaenda nyuma ya duka nikatapika. Sisemi kwa mfano. Nimetapika.

Jumatano, 19 Machi

Bwana Keshokutwa mwenyewe kaja dukani! Mtu ambaye hatoki nyuma ya meza yake hata moto ukiwaka. Akajifanya anataka nakala ya kitambulisho.

Alingoja wateja waishe. Akasema mkaguzi anakuja kutoka wizarani kuangalia miradi ya ruzuku. Kuna mtu kaandika barua. Akanikazia macho. Si mimi niliyeandika, na nimeona aibu kwamba si mimi. Nadhani ni mwalimu wa darasa la tano, yule kijana mkimya aliyemvuta mtoto shimoni.

Nikiulizwa, akasema, jibu ni jepesi: mimi ni mchapaji, nachapa vingi, sisomi vya watu. Halafu akainama juu ya kaunta, manukato yake yamenijaa kooni.

"Fomu ya binti yako nimeiweka juu kabisa. Bado mhuri tu."

Nilimpa nakala yake na chenji. Akasema asante dada, akaondoka anapiga mluzi.

Kunyamaza kwangu kakuchukua kuwa ndiyo. Kinachoniudhi zaidi ni hiki: wakati ule nadhani kweli ilikuwa ndiyo.

Nimefuta kaunta kwa spiriti.

Jumatatu, 24 Machi

Barua ya wito imefika. Kesho saa tatu, halmashauri, mbele ya mkaguzi. Mimi, Kaka, fundi cherehani na mwanawe, afisa.

Sikuweza kukaa nayo peke yangu. Nimemwambia binti yangu yote — picha, kibao, mjomba wake, nyonga ya bibi yake, fomu. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa mpaka nimemaliza, na shati moja kalipiga pasi mara tatu.

Kisha akaniambia, "Mama, unajua siku za shule nilikuwa sinywi maji?"

Sikuelewa. Akaeleza. Asubuhi hanywi chai, mchana hanywi maji, mpaka arudi nyumbani saa kumi. Wasichana wote hivyo. Walikuwa wanafundishana, wakubwa wanawafundisha wadogo: ukihisi kiu, weka kokoto mdomoni. Na zile siku za kila mwezi alizoniambia tumbo linamuuma, asiende shule — tumbo halikuwa linauma.

Miaka saba. Nilimpigia kelele kwa uvivu. Niliwahi kumpa dawa ya minyoo.

Nikamuuliza nifanye nini kesho. Akazima pasi.

"Usiniulize mimi. Ukiniuliza mimi, nitakuambia nataka kwenda chuo."

Akakunja mashati akaenda zake.

Jumanne, 25 Machi

Koridoni, halmashauri. Saa nne kasoro. Nimekuja na daftari, naandika tukingoja.

Benchi moja, sisi wawili. Kaka kavaa koti lake la mahafali. Kaniona naandika, akadhani naandika aliyonielekeza njiani. "Vizuri," kasema, "andika usisahau." Aliyonielekeza ni haya: nilichapa kama mfano wa jengo, sikujua matumizi, ripoti sikusoma. Karibu yote ni kweli. Ndiyo maana yanatia kichefuchefu, uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukataa.

Nimemuuliza mama anajua? Kasema hajui, na asijue, itamuua. Nimemuuliza tena: na wewe ukifukuzwa kazi, au ukifungwa? Kajibu mama atakuja kwangu, ana dawa za asubuhi na za jioni, kaziandika kwenye karatasi. Kanipa karatasi. Mwandiko mzuri, mwandiko wa ubao. Alishaiandaa. Maana yake hata yeye hana uhakika nitasema nini.

Bwana Keshokutwa kapita, kanipa mkono. Umelowa jasho. Nimejipangusia kwenye sketi.

Mkobani nina flashi. Ndani yake picha mbili: ukuta kama ulivyokuja, mtupu, na ukuta wenye kibao. Tarehe zipo. Na ripoti nzima kama nilivyoletewa. Jana nilijiambia nimeichukua ili iwe salama.

Fundi cherehani katoka ndani na mwanawe. Mtoto ana magongo, plasta imeandikwa majina ya wenzake. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Shangazi, choo kiko wapi hapa?"

Kipo mwisho wa koridoni. Kimefungwa kwa kufuli, ufunguo anao afisa. Kaka kainuka upesi kuliko wote, kaenda kuuomba, kamfungulia, kasimama mbali amegeuza uso mpaka mtoto kamaliza. Kamshikia gongo moja. Kamuuliza kama mguu unauma. Huyu ndiye kaka yangu. Huyu, na yule wa kwenye faili.

Karudi kukaa. Macho mekundu.

Mlango umefunguliwa. Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, kashika faili lile lile. Kaita: "Mwenye duka la kuchapa yupo?"

Kaka kanishika mkono wa kushoto. "Mdogo wangu," kasema. Basi, hilo tu.

Mkaguzi kaita tena. Nimesema nipo, nakuja, namalizia mstari. Flashi nilishaitoa mkobani kabla hajanishika. Iko kwenye kiganja hicho cha kushoto, na Kaka bado kaking'ang'ania, hajui kwamba na yeye ameishika.