Galaksi ya Ombati Imewaka

Jumanne, Keumbu

Imewaka hatimaye. Asubuhi alinipigia mtu aliyefanya kazi na marehemu mume wangu, Ombati. Ile galaksi ambayo Ombati aliifuatilia miaka yote, yenye mkondo wa gesi unaotuelekea, imeng'aa ghafla. Darubini za redio, za mwanga na za eksirei zinaitazama kwa pamoja, kama alivyopanga yeye.

Nilimkuta mama mkwe akichuma majani chai, nikamweleza. Akatua kikapu.

"Na Ombati ameambiwa?"

Amesahau tena. Mara mbili wiki hii nimemwambia kwamba tulimzika, na kila mara analia upya. Leo sikuweza.

"Bado, mama."

"Basi mpigie, afurahi."

Nikaweka simu sikioni, nikamweleza Ombati yote, mama akisikiliza.